Kuku wa Arobaini Wamepita Mlangoni Kwangu

Mpendwa mshauri Amparo, naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, na naandika haya nikiwa nimelala kitandani mchana kweupe, madirisha yamefungwa, kitambaa kichwani na pamba masikioni, na joto la Bucaramanga unalijua, wala siumwi popote.

Niko kwenye arobaini ya uzazi. Hapo ndipo watu wanaponicheka, kwa sababu mtoto ni wangu lakini sikumzaa mimi. Niliondolewa kizazi nikiwa bado msichana kwa ajili ya uvimbe, basi yai likatoka kwangu, mbegu kwa mume wangu Otoniel, na madaktari wakaipandikiza mimba kwa binamu yangu Luz Dary, ambaye alijitolea mwenyewe mezani kwangu tukila maharage, akasema, "Mie mimba hainisumbui, hata kichefuchefu sipati, lete huyo mtoto nikutunzie," na akamtunza kweli, nikamsindikiza kliniki zote, na siku ya siku mkunga alimlaza Eloísa kifuani kwangu mimi, ngozi kwa ngozi. Hapo sina lalamiko. Nina furaha mpaka naona aibu. Mtoto ananipumulia shingoni na mimi nasahau hata bei ya ngozi ya viatu vyangu.

Lalamiko langu ni kuku.

Mama mkwe wangu, Mama Hercilia, anaishi kule mlimani, na tangu tulipomwambia mimba imeshika alianza kufuga kuku wa kienyeji kwa ajili ya arobaini ya mjukuu wake wa kwanza, kama ilivyo kwetu sote, aliyejifungua anywe supu ya kuku kila siku, asiguse maji baridi, asipigwe na upepo, maana mifupa yake iko wazi. Mimi ni mtu wa hesabu, nilianza kwa kupaka gundi soli kwenye karakana ya watu na leo nina karakana mbili za viatu, zangu mwenyewe, na ngozi ambayo fundi mwingine anakata jozi kumi mimi natoa kumi na mbili, kwa hiyo basi la kutoka mlimani liliposimama mbele ya nyumba nilitazama matenga yakishushwa nikajua kuku wanatosha arobaini nzima na wa kubaki. Nikafungua mlango, mtoto mkononi. Mama Hercilia akambusu mjukuu, akalia, akambariki, kisha akamgeukia mchukuzi, "Haya twende, bado nyumba moja," na kuku wote wakapita mbele ya majirani zangu wakipiga kelele kwenda kwa Luz Dary, mitaa miwili chini.

Nikamkimbilia. "Mama, hao kuku si wa mwenye mtoto?"

"Ni wa aliyejifungua, binti yangu. Kalala kule."

"Na mimi je?"

"Wewe ni mama. Mama anaamka usiku, halali na supu. Halafu mifupa yako imefungwa kama duka siku ya Ijumaa Kuu, upepo utaingilia wapi?"

Mbele ya watu! Mshauri, nilikwenda sokoni nikanunua kuku wangu mwenyewe, nikajifunga kichwa, nikaingia kitandani. Kazi naziendesha hapahapa. Nidia, fundi wangu wa kushona, alileta sandali ya mfano niikague, akasimama mlangoni akanitazama, "Bosi, hiyo pamba ni ya upepo, au ni ili usisikie mtoto akilia?" Na Otoniel hanisaidii kitu, yeye anasema, "Mama ana kuku wake, Luz Dary ana supu yake, wewe una mtoto wako. Mimi ndiye nimekosa vyote, hata kitanda nimenyang'anywa."

Juzi Luz Dary akampa Otoniel sufuria ya supu aniletee, na ujumbe juu yake, "Mwambie binamu anisaidie, nimekula kuku mpaka naota mabawa." Nikairudisha ilivyokuja, mfuniko haukuguswa. Jibu lake likaja hili tu, "Sawa. Basi na la ubatizo mtaniambia."

Kwa maana tangu mwanzo tulikubaliana Luz Dary ndiye atakuwa mama wa ubatizo, tuitane comadre, kama mama na mama wa ubatizo wanavyoitana, mpaka tuzeeke. Sasa nafikiria kumpa nafasi hiyo dada yake Otoniel, na padri anataka jina Alhamisi hii. Watu wamekwisha kumwona na kuku. Wakimwona tena kanisani kambeba mtoto, nani atakumbuka mama ni yupi? Mtoto huyu ni wangu, nimemtafuta miaka. Na kule wodini, Eloísa alikuwa analia mikononi mwangu, Luz Dary akasema neno moja, mtoto akanyamaza akageuza kichwa. Basi. Nimtoe au nimwache?

Mama Asiye na Kuku, Bucaramanga

*

Mama Asiye na Kuku,

Toa hiyo pamba kwanza, nina maneno na sipendi kuyarudia.

Hongera ya mtoto. Nimecheka na barua yako, sikufichi, mpaka nilipofika mistari ya mwisho.

Kuku si wako. Mama mkwe wako ana mdomo mkali, na kukusemea vile mbele ya majirani hakufanya vizuri, lakini alikwenda nyumba iliyo sahihi. Luz Dary ndiye aliyeshonwa. Ndiye anayefunga kifua kwa kitambaa maziwa yakauke, maana hana wa kumnyonyesha. Supu ile ni ya jeraha, haipimi nani mkubwa. Wewe jeraha lako ni la zamani, lile la kuondolewa kizazi, na sidhani kama kuna mtu aliyekuletea kuku siku ile. Pole, dada yangu. Pole sana. Lakini huwezi kwenda kudai kuku wa jeraha hilo leo kwa binamu yako, ambaye ndiye pekee aliyefanya jambo la kuliponya.

Tena umeniandikia kuku ukurasa mzima, na la wodini ukalimaliza kwa pumzi moja. Unadhani sikuona? Mtoto aligeuza kichwa kwa sababu ile sauti aliishi nayo tumboni. Anaijua sauti. Mtu bado hamjui yeyote. Mtu ndiyo kwanza anajifunza kumjua sasa, kwa harufu, kwa shingo, kwa mkono unaomgeuza kila saa, na wewe siku hizo hizo umejifungia kwenye joto unajifanya mgonjwa! Nani anayebadilisha nepi ukiwa kwenye arobaini yako ya kujitengenezea? Otoniel, bila shaka, halafu unamlalamikia.

Sasa hilo la ubatizo. Wewe si mtu wa hesabu? Hesabu nami. Ukimtoa Luz Dary, hatahama duniani, yuko mitaa miwili chini. Eloísa atakua, atamwona akipita, atauliza, "Mama, yule ni nani?" Utasema nini? Fundi aliyemaliza kazi akaondoka? Usipokuwa na jibu majirani watakuwa nalo, na watatumia neno lilelile unaloliogopa, mama. Lakini akiwa comadre wako, kila mtu anajua yeye ni nani. Ana kiti chake sikukuu, ana zawadi ya kuleta, ana haki ya kumkaripia mtoto na wajibu wa kumwombea. Na ana mpaka. Mama wa ubatizo humpokea mtoto kutoka kwa mama, humfikisha kwenye maji, humrudisha kwa mama. Hivyo ndivyo ilivyo kwetu, hakuna asiyejua. Wewe ulikuwa na jina linaloweka kila mmoja mahali pake, na sasa unataka kumgawia wifi kwa hasira. Mwache wifi awe shangazi, inamtosha.

Fungua madirisha, oga. Wale kuku wa sokoni, chinja mmoja upike mwenyewe, na viazi, na giligilani, umpelekee Luz Dary leo. Alhamisi usiingoje, na Otoniel usimtume. Hotuba usitoe, wewe ukianza kueleza utafika kwenye matenga. Mwambie tu, "Comadre, nilikosea kuirudisha ile supu." Mama Hercilia, akiwa bado yuko kule anampikia, atasema lake, mwache aseme, yeye kafuga kuku miezi yote kwa ajili ya mtoto wako. Kisha kampe padri jina.

Na ukiwa pale, mpe Luz Dary mtoto ambebe, wewe ukiwa umekaa kando yake unatazama. Atamsemesha, na Eloísa atageuza kichwa tena. Kitakuuma. Kaa hapohapo. Baada ya muda atalia kwa njaa, na binamu yako atakurudishia mwenyewe, maana chupa iko kwenye mkoba wako.

Amparo