Ile Kompyuta ya Skrini Nyeusi

Timbwani, Jumanne, 1996

Bado siamini kwamba leo nimesema mbele ya darasa zima.

Kompyuta mpya zimefika shuleni, zenye picha na kipanya. Wenzangu walizikimbilia. Mimi nilikuwa nikiitazama ile kuukuu ya herufi za kijani, imewekwa mlangoni ingoje kutupwa. Kwa ile, tuliandika amri daftarini kwanza, mwalimu akazisahihisha, ndipo tukagusa vitufe. Haikuhitaji niseme. Niliandika, nayo ikanijibu.

"Rehema, mbona huji kujaribu mpya?" Mwalimu Mwanaidi akaniuliza.

"Abee, mwalimu. Naomba... naomba ile isitupwe."

Darasa likaangua kicheko. "Mwacheni na nyanyake!" Zuhura akasema.

Mwalimu hakucheka. "Basi itakaa stoo. Ukimaliza masomo, njoo uchukue ufunguo kwangu."

Jioni nikaenda. Nikaiwasha, ikachukua muda wake kama zamani, kisha ikanyamaza kuningoja. Sikujua nianzie wapi, nikaandika ASANTE.

Ikanijibu kwamba amri hiyo haiijui. Nikacheka peke yangu mle stoo, kwa sauti, mimi ambaye hata darasani huitika kwa kunong'ona.