Wasifu wa Baba Ukumbini

Shoga, nimetoka sasa hivi kwenye ile kumbukumbu ya askari wa kikosi cha baba waliofariki.

Afisa alikuwa anasoma maisha ya kila marehemu. Akafika kwa baba: "Dereva hodari, alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi, kikosi kikiwa bega kwa bega na familia."

Muda mfupi. Miaka tisa, shoga. Si wewe ulikuwa unanisaidia kumgeuza kitandani?

Eti bega kwa bega. Na kila Jumamosi baba anataka anyolewe, avalishwe shati jeupe, huenda wenzake wakapita.

Nikajikuta nimesimama. "Afande, hakuja hata mtu mmoja." Mama ananivuta gauni, "Kaa chini, unatuaibisha."

Afisa wala hakukasirika, ndicho kinachoniuma. Akaniletea karatasi. "Basi dada, andika wasifu sahihi, usizidi mistari mitano, tutausoma mwishoni."

Nikaandika mstari mmoja: "Aliwasubiri miaka tisa."

Hawakuusoma. Mama ndiye aliyeifuata ile karatasi mezani kwao, akaikunja, akaitia kwenye mkoba wake.