Maoni ya Wasomaji wa Palma

Mtwara, 4 Mei 2025

Dada Nafisa, shikamoo.

Natumai karatasi hii inakukuta mzima, wewe na wanao, na kwamba ile homa ya Nádia imeshamwacha. Huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu sana, anasema wale dagaa uliotuma wamekwisha siku tatu tu na lawama ni zangu.

Kwa mkono wa Suleimane, yule wa vitenge, nakuletea nakala nne za kitabu kipya. Ndicho cha tano, nimekiita *Mlango wa Ghala*. Inspekta Nandonde amerudi. Safari hii mguu unamsumbua zaidi, na mkewe amemkimbia.

Vinne vya mwanzo mlivisoma kibarazani kwako, na maoni yenu niliyaamini kuliko ya mtu yeyote. Huku wananisifu kwa sababu wananijua. Ninyi mnanisema. Fundi Dauto aliponiambia cha tatu ni supu isiyo na mfupa nilinuna siku tatu, kisha nikaona ana haki.

Basi fanyeni vilevile. Wakusanye Jumamosi baada ya alasiri, uwasomee kwa sauti, wewe ndiye mwalimu wao, maana wengi hapo wamesoma shule za Kireno na Kiswahili cha kitabuni kinawachelewesha. Kisha niandikie kila mtu kasema nini. Usipunguze.

Nisalimie wote, hasa jirani yako Alzira na binti yake Ilda.

Mdogo wako,
Cassamo

*

Palma, 29 Mei 2025

Mdogo wangu Cassamo, marahaba.

Sisi wazima, alhamdulillahi. Nádia homa imemtoka, sasa kazi yake kula. Mtandao umelala wiki nzima, hata ungepiga usingenipata, kwa hiyo karatasi ndiyo yenyewe.

Tumefika sura ya saba. Tuko wanane, na maoni ni haya, bila kupunguza.

Hamido wa mota anasikiliza akiwa amekaa juu ya pikipiki yake, hateremki. Anasema Nandonde amezeeka ghafla. "Kitabu cha pili alimfukuza mwizi kutoka bandarini mpaka sokoni na mguu wake ule ule. Humu sura tatu anamlilia mke. Mimi sikuacha abiria kuja kusikiliza mtu analia." Bi Cadija akamjibu kwamba mwanaume aliyekimbiwa asipolia ndiye wa kuogopwa. Wakagombana hapo, nikashindwa kusoma robo saa.

Dauto anasema muuaji ameshamjua, ni karani wa bandari, kwa sababu kwako wewe kila kitabu ni karani.

Alzira huwa anasema mwisho, na kidogo. Tangu mumewe Germano auawe mwaka ule wa vita amekuwa hivyo, hasira zake zote anamwekea marehemu. Safari hii alisema: "Huyu mwandishi zamani alikuwa anawapenda watu wake, hata wezi. Humu hawapendi." Fikiri juu ya hilo.

Na mimi nina neno. Yule mama Salha, mwenye ufunguo wa ghala, anaufunga kwenye pindo la khanga kama ninavyofanya mimi. Watu walicheka, "Professora, umo kitabuni!" Nikacheka nao. Lakini mbona umemfanya mkavu hivyo?

Msalimie wifi. Dagaa nitatuma wengine.

Dada yako,
Nafisa

*

Mtwara, 12 Juni 2025

Dada yangu, shikamoo.

Nashukuru mko salama. Sisi pia. Nimecheka na barua yako mpaka wifi yako akaja kuuliza. Mwambie Hamido Nandonde ataamka, asubiri. Mwambie Dauto si karani.

Huku kinakwenda vizuri kuliko vyote. Mwalimu mmoja wa sekondari ameniandikia kwamba hakuweza kukiweka chini. Kwenye kikundi cha wasomaji cha simu wamebishana siku mbili juu ya Salha, wengine wanataka anyongwe. Nimeandika vitabu vitano, na hiki ndicho cha kwanza ambacho watu wamemchukia mtu niliyemtunga.

Neno moja, dada. Mkifika sura ya kumi na moja, usiisome mbele ya watu. Isome kwanza peke yako. Ukiona haifai, iruke, nenda ya kumi na mbili, hawatapotea. Nitakueleza tukionana.

Mdogo wako,
Cassamo

*

Palma, 3 Julai 2025

Cassamo,

Tu wazima.

Barua yako Suleimane ameileta juzi, Jumanne. Sura ya kumi na moja tuliisoma Jumamosi.

Nitakueleza ilivyokuwa, maana ulitaka kujua kila mtu kasema nini.

Nilikuwa nasoma vizuri. Risasi zinalia mjini, Salha amejifungia ghalani kati ya mifuko ya saruji, ufunguo uko mkononi. Mtu anagonga, si kwa ngumi, kwa kiganja. Hapo moyo ulinishtuka, lakini ulimi ulikuwa mbele ya moyo, ukausoma mstari: "Jirani wa chumvi, nifungulie, ni mimi."

Duniani kuna mtu mmoja tu aliyeniita hivyo. Unajua wewe, na watu wote wa mtaa, bairro nzima, wanajua. Kila jioni Germano alikuja kuazima chumvi, hata akiwa nayo, apate kunitania. Jirani wa chumvi.

Hamido aliteremka kwenye mota. Dauto akavua miwani. Hakuna aliyemtazama Alzira. Nikasema macho yananiuma, tuishie hapo.

Alzira akasema, "Endelea, professora."

Nikasema kesho.

"Endelea."

Nikaendelea. Nikasoma kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba Salha anamsikia jirani yake anaomba, naye anafikiria kiwanja cha jirani kilichoko barabarani, ambacho watu wa gesi watakitaka. Anakaa juu ya mfuko wa saruji na kungoja sauti ya nje ikatike. Nilisoma mpaka mwisho wa sura. Wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga, Bi Cadija ameshika viatu mkononi.

Alzira alibaki. Akaniuliza, "Alikuja?"

Nikasema alikuja.

"Ulikuwa ndani?"

Nilikuwa ndani.

"Alisema nini?"

Nikamweleza. Kwamba ghala ni lile la duka nililokuwa natunza funguo wakati wa likizo. Kwamba nilikuwa na wanangu wawili wadogo na Mama. Kwamba aligonga, akaniita, akauliza kama Alzira na Ilda wamo. Ufunguo ulikuwa umeshaingia kwenye kitasa, Mama akanishika mkono, akasema usifungue, wenye bunduki wako nyuma yake. Sikufungua. Sikumjibu hata kwa neno moja. Germano akasema polepole, "Haya, basi. Kaeni kimya." Akaenda.

Alzira akasema: "Miaka minne namtukana. Nasema alikimbia akatuacha mimi na mwanangu tukahangaike pwani. Kumbe alirudi kututafuta. Na wewe ulikuwa unakaa hapa, unanipa chai, unanisikiliza nikimtukana."

Akabeba kigoda chake, akatoka. Jumatatu mlango wake ulikuwa na kufuli. Amechukua Ilda, wamekwenda kwao Diaca.

Hilo la kunyamaza ni langu, simpi mtu. Nilimsaliti Alzira kila siku kwa miaka minne, na nilijua. Nilimwambia mtu mmoja tu. Ilikuwa siku ya arobaini ya Mama, hapo Mtwara, mimi na wewe jikoni tunakuna nazi. Ulilia, Cassamo. Uliniwekea mkono begani ukasema, "Dada, ungefanya nini?" Nikarudi Palma nikiwa mwepesi kwa sababu ya maneno yale.

Sasa nakuuliza mimi. Mama yuko wapi? Nimekisoma kitabu chote, Mama hayumo ghalani. Wanangu hawamo. Mkono ulionishika umeufuta. Umenibakisha mimi peke yangu, na kiwanja ambacho sijawahi kukitamani. Ungenipa woga ningeubeba, woga ulikuwa wangu. Umenipa tamaa.

Na usiniambie hukujua. Ungekuwa hujui usingeniandikia niiruke.

Ndiyo maoni yangu. Uliomba nisipunguze.

Nafisa

*

Mtwara, 21 Julai 2025

Dada yangu, shikamoo, shikamoo tena.

Siulizi hali, maana najua. Nimeisoma barua yako nimesimama mlangoni kwa Suleimane, sikuweza kufika nyumbani.

Nisikilize japo kidogo. Riwaya si ushahidi mahakamani. Nilibadilisha jina, nikabadilisha mji, nikabadilisha mwaka. Mama sikuweza kumwandika. Nilijaribu mara nyingi, kila mkono wake ulipotokea kwenye karatasi nilifuta. Ni Mama. Ningemwekaje ndani ya kitabu cha mauaji?

Na tamaa niliiweka kwa sababu Nandonde lazima apate sababu. Msomaji wa vitabu vya upelelezi hakubali woga. Ukimwambia mtu hakufungua kwa sababu aliogopa, anafunga kitabu anasema nimedanganywa. Ndiyo kazi yenyewe ilivyo.

"Jirani wa chumvi" ningeliondoa. Nililiacha kwa sababu lilikuwa zuri, na hakuna neno zuri zaidi yake katika kitabu kizima. Hilo ndilo kosa langu, nalikubali. Chapa ya pili nitalitoa. Nitaitoa sura yote ukitaka.

Nijibu. Nitukane, lakini nijibu.

Mdogo wako,
Cassamo

*

Mtwara, 14 Septemba 2025

Dada, shikamoo.

Barua yangu ya Julai hujaijibu, na simu inalia mpaka inakatika. Natumai watoto wazima.

Suleimane amenieleza kwamba kibaraza kimekufa, hakuna anayesoma tena Jumamosi. Amesema pia kwamba ulipanda chapa, vile vibasi vya huko, ukaenda Diaca kumtafuta Alzira, ukakaa siku mbili, ukarudi. Zaidi ya hapo hajui.

Mlisema nini? Alikusamehe? Alilia, au alikufukuza? Niambie hata neno moja, nipate kulala.

Nakuambia kwa nini nauliza. Nimeanza kitabu cha sita, nami nimemrudisha Salha. Nataka kumsafisha. Nandonde atagundua kwamba hakuwa na hatia, kulikuwa na mtu mwingine ndani aliyemzuia, na mjane wa yule marehemu atakutana naye uso kwa uso. Sura hiyo ninayo kichwani yote, isipokuwa maneno ya mjane. Kila ninachomwekea mdomoni ni cha uongo. Nikijua Alzira alisema nini, nitaiandika kwa haki, na watu waliokuchukia watakupenda.

Ni kwa ajili yako, dada.

Mdogo wako,
Cassamo

*

Palma, 9 Oktoba 2025

Cassamo,

Watoto wazima. Mimi mzima.

Ni kweli nilikwenda Diaca. Nilimkuta Alzira shambani anakwatua kabla ya mvua. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Alinipa jembe la Ilda. Tulilima mpaka jua likawa kali mgongoni, ndipo akasema aliyoyasema, nami nikasema yangu. Siku ya pili tulilima tena, tukasema mengine.

Hayo hutayapata. Si kwamba nakukomoa. Alzira alinitazama katikati ya maneno yake akauliza, "Haya nayo atayaandika?" Nikamwambia hapana. Sasa unaniuliza kitu kile kile nilichoapa kutokisema, na unaniuliza ukiwa na kalamu mkononi, unasema ni kwa ajili yangu.

Nitakuambia kile ambacho kila mtu hapa anakiona. Alzira amebaki kwao, hajui kama atarudi. Ilda nimerudi naye ili amalize mwaka wa shule. Analala na Nádia. Asubuhi namsuka, anakaa kati ya magoti yangu, haongei, wala mimi siongei. Jumapili Hamido anampeleka kanisani kwa mota.

Salha usimsafishe. Yule ni wako, ulimtunga ukamchukia, fanya naye utakavyo. Ila mimi nitoe. Usinipe hatia, usiniondolee hatia, usinipe mtu wa kunizuia mkono. Mama umwache pia. Safari hii unataka kumrudisha ghalani kwa sababu kitabu kinamhitaji. Kaburi lake liko karibu na wewe kuliko mimi. Nenda ukamweleze mwenyewe.

Nakala zako nne nimempa Suleimane. Moja ina doa la chai, ni la Bi Cadija, anaomba radhi.

Akifika, mpe barua zangu zote aniletee, tangu zile za kitabu cha kwanza. Najua unaziweka kwenye sanduku chini ya kitanda, na zamani nilifurahi kujua hivyo. Sitaki zikae tena humo.

Hii nayo ukishaisoma, umpe.

Dada yako,
Nafisa