Waya Uliokwenda Ardhini

Jumanne, 4 Novemba

Kikombe cha mashine yangu ya kupaka rangi kimeitupa pembeni tena. Ukuta umekuwa wa bluu, kitanda hakijapata kitu. Banza amecheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka.

Kosa nalijua. Kikombe chenyewe kinazunguka vizuri, kompresa inakipa upepo wa kutosha, kinalia kama nyuki. Rangi inaingia katikati, inapanda mpaka ukingoni, inakatika kuwa vitone vidogo kuliko umande. Mpaka hapo sawa. Lakini vikiacha ukingo vinarukia kando, kama maji ya mwavuli unaozungushwa. Unatakiwa upepo wa pili, kutoka nyuma ya kikombe, wa kuvisukuma mbele. Pete yenye matundu. Nitaitoboa kesho.

Banza amekohoa bluu leo. Ndiyo sababu ya kazi hii yote. Tangu nimlete kutoka Kabongo anapaka vitanda na baiskeli kwa pistole ya mkono, ile ya kunyunyizia rangi. Nusu ya rangi inakwenda kwenye chuma, nusu kifuani mwake. Ni mtoto wa baba mdogo. Kwetu huyo ni ndugu, hana jina jingine.

Ijumaa, 7 Novemba

Pete imefanya kazi. Leo nimewasha na umeme, kwa mara ya kwanza.

Nautoa katika televisheni ya zamani, ile ya mgongo mrefu. Unatosha kumtupa mtu chini. Vitone vinatoka kwenye kikombe vimeubeba, na kwa kuwa kitanda kimefungwa kwa waya hadi ardhini, vinakitafuta kama kuku wanavyofuata mahindi. Rangi imezunguka bomba la kitanda, ikapaka mpaka nyuma ambako hakuna aliyeielekeza. Banza alipitisha kidole nyuma ya bomba, akaniangalia mimi, dada yake mkubwa.

"Ya Clémence, hii iko na macho?"

Hewani hakuna ukungu. Amevua kitambaa alichofunga puani. Nimefurahi. Naliandika kwa sababu halitokei mara nyingi.

Patron, mwenye atelie yetu ya kutengeneza vitanda, aliingia, akatazama, hakusema asante. Alisema hospitali inataka vitanda vyake kabla ya Noeli.

Jumatano, 12 Novemba

Nina woga. Kikombe ni cha aluminiamu. Chuma hukusanya umeme kama debe linavyojaa maji. Ukikisogelea kinaumwaga wote mara moja. Leo cheche imeruka kutoka ukingoni hadi kwenye bisibisi yangu. Ya bluu. Na hatua chache kutoka pale kuna ndoo ya diluant, ile dawa ya kuyeyushia rangi, ambayo mvuke wake unashika moto upesi kuliko petroli.

Nataka kikombe kingine. Plastiki ngumu yenye masizi ndani yake, ili umeme uvuje polepole badala ya kumwagika. Nimemweleza patron. Akauliza kama hiki cha sasa kinapaka. Nikasema kinapaka.

"Basi."

Kitu nilichopata ni waya. Ule mwembamba wa majaribio nimeutoa. Nimeweka wa shaba, mnene, kutoka kwenye reli tunapotundika vitanda, unapita tundu la ukuta, unashuka hadi kwenye chuma nilichokipigilia ardhini hatua kadhaa nyuma ya atelie. Nimeubana kwa kibano na kufunga utepe mwekundu. Nimewaambia wote wawili, patron na Banza: kitanda kisichoshika ardhi kinajaa umeme chenyewe, na kitautema. Waya kwanza, mashine baadaye. Banza amerudia maneno yangu kama katekisimu.

Alhamisi, 13 Novemba

Mvua na upepo mbaya. Mabati ya atelie yameng'oka upande mmoja. Kwa Banza jiko limeanguka na kamba ya nguo imekatika. Mke wake Régine anafua nguo za familia za wanajeshi wa kambini. Zote zimelala matopeni. Alikuwa analia kwa hasira. Nimemsaidia kufua upya. Sabuni imeisha kabla ya mashati.

Jumatatu, 17 Novemba

Kazi tu. Vitanda vimejaa uani, vyote vinang'aa. Banza hakohoi sana.

Nimepata plastiki yangu. Kuna fundi wa kukereza vyuma ng'ambo ya njia ya treni, atanikerezea kikombe cheusi kesho. Lazima niwepo, ukingo una mifereji midogo sana, akikosea basi. Patron ameomba ufunguo wa sanduku la umeme. Nimempa. Nimemwambia kesho mashine isiwashwe, mimi sitakuwepo. Amesema ndiyo bila kuinua kichwa.

Jumanne, 18 Novemba

Banza ameungua.

Nilikuwa kwa fundi, ng'ambo ya njia ya treni. Kikombe cheusi hakijamalizika. Tuliona moshi. Nilijua. Nilikimbia, viatu vikabaki njiani.

Patron aliwasha mashine. Kitanda kilitema cheche, mvuke ukashika, ndoo ikashika. Banza alikuwa katikati. Mikono, kifua, uso. Majirani wamemfunika blanketi lililolowa.

Hospitalini ananuka rangi na nyama. Ndivyo ilivyo.

Patron anajitetea. Anasema waya ulikuwepo, Banza mwenyewe aliutazama kabla ya kuanza. "Ilikuwa tu pale mu reli. Mi niliiona na macho yangu." Kweli, kwenye reli upo. Nilizunguka nyuma ya ukuta. Chuma changu kipo ardhini. Waya hakuna. Umekatwa pale unapotokea tunduni, na kipande chote cha nje kimekwenda, na kibano, na utepe. Ndani walitazama waya usiofika popote.

Wezi wa shaba, nimemwambia patron.

Ijumaa, 21 Novemba

Anaongea kidogo. Sauti imekwaruzika.

"Ya Clémence, ile waya nilitazama."

Nimemwambia najua. Akarudia. Nikamwambia tena najua. Régine anampepea kwa kipande cha karatoni tangu asubuhi, habadilishi mkono. Macho yake yamevimba. Banza amemwambia asilie, kisha akarudi palepale: waya, waya.

Huko mtaani wanasema nzaji. Ile radi ya kutumwa, ambayo mchawi anamwelekezea mtu kama mshale. Wanasema mimi ndiye niliyeifungia ndani ya televisheni. Muuguzi ameniuliza kwa adabu kabisa kama ni kweli nina mashine inayozaa radi. Nilikuwa nimechoka. Nikasema ndiyo. Jibu la kijinga.

Jumapili, 23 Novemba

Amekufa asubuhi, watu wakiwa kanisani.

Jumatano, 26 Novemba

Tumemzika. Naandika upesi.

Baba mdogo alifika kutoka Kabongo kwa pikipiki, matope mpaka kifuani. Hakunisalimu. Makaburini alisimama mbali nami. Tuliporudi kwa Banza, uani, watu wote wakiwa wamekaa, alinyanyuka akanielekea. Ni mtu aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo.

"Minyi nilikupatia mutoto muzima. Weye ukamupeleka ku nzaji yako. Nani alikutuma? Kiisha yeye utakula nani?"

Sikuweza kumtazama usoni. Niliinua macho. Juu ya kichwa chake vilikuwa vimeanikwa vitenge vya waombolezaji, vilivyolowa kwa mvua ya makaburini. Vilikuwa juu ya waya. Waya wa shaba, mnene. Upande wa mpapai, kibano changu. Na utepe mwekundu.

Hapo nikaelewa yote. Dhoruba. Kamba iliyokatika. Nguo za watu hazina pa kukauka. Régine hupita nyuma ya atelie kila siku akienda kuchota maji. Akaona waya unaotoka ukutani na kuingia kwenye udongo. Waya unaoingia kwenye udongo una kazi gani?

Nilishika ukuta. Watu wakaona ni hatia.

Ningeinua kidole, kimoja tu, wangejua. Régine alikuwa kwenye mkeka, kitambaa kimefungwa kichwani, bintiye amelala mapajani. Hajui. Nilimweleza patron, nilimweleza Banza mpaka akakariri. Yeye, anayepita pale kila siku, hakuna aliyemweleza. Hata mimi.

Patron alikuwa ameketi karibu na mlango. Angeweza kusema nani aliwasha mashine. Alitazama viatu vyake. Nzaji inamfaa sana. Nzaji haiulizi ufunguo ulikuwa kwa nani.

Nilisema, "Baba, minyi sina nzaji. Lakini mashini iko yangu." Basi. Wakanitoa uani. Mtu amenitupia udongo mgongoni, sikugeuka kuona ni nani.

Alhamisi, 27 Novemba

Namchukia Régine. Nimeandika. Nimekaa nikalisoma, nikaona si kweli, na pia ni kweli. Patron namchukia bila mashaka.

Nimewaza siku nzima. Nikisema, baba mdogo ataniacha. Ataniomba radhi labda. Kisha atamgeukia Régine. Watamfukuza, watamnyang'anya mtoto, na kila asubuhi atakayoamka atakuwa ndiye aliyekata waya. Mimi naamka na kikombe cha aluminiamu na ufunguo nilioutoa kwa mkono wangu. Inatosha mtu mmoja kuamka hivyo.

Na waya bado umetundikwa pale. Patron si mjinga. Siku moja atainua macho kama mimi.

Ijumaa, 28 Novemba

Nimenunua kamba ya nailoni. Nikangoja mpaka baba mdogo aende sokoni, nikaingia kwa Régine. Jirani aliniona, akaita watoto wake ndani.

Nilimwambia nimeleta kamba nzuri, shaba inaacha alama za kijani kwenye nguo, wanajeshi watalalamika. Alipokea kwa mikono miwili. Alinishukuru. Kisha akasimama, akitazama juu.

"Ya Clémence. Hii waya niliikataka nyuma ya atelie. Banza ku hospitali alikuwa nasema waya, waya. Haiko hii?"

Mdomo wangu ulikuwa wazi tayari. Neno "ndiyo" lilikuwa hapo, mbele ya meno. Lilikuwa zito. Mtoto alikuja akashika sketi ya mama yake.

"Hapana," nikasema. "Ile ya Banza ilikuwa ingine, ya ndani. Hii ilikuwa ya antena. Ya zamani."

"Kweli?"

"Kweli."

Alipumua. Mabega yakashuka. Sijawahi kuona mtu akishusha mzigo hivyo mbele yangu. Tukaufungua waya pamoja, tukafunga kamba, yeye upande wa mpapai, mimi upande wa nyumba. Nikaukunja nikauweka kapuni, nikafunika kwa majani ya muhogo. Nimeutupa katika choo cha atelie, ambacho moto haukukifikia.



Jumatano, 3 Desemba

Fundi wa kukereza ameleta kikombe cheusi mwenyewe, kwa sababu sikwenda kukichukua. Kazi safi. Nimekijaribu kwa televisheni nyingine, nimekisogezea bisibisi. Hakuna cheche. Kinanong'ona tu. Ndicho nilichotaka.

Kisingemwokoa. Kitanda bila ardhi kingetema tu, kikombe kiwe cha nini. Hilo nalijua kama ninavyojua jina langu na halinisaidii.

Patron alituma mtu kuuliza nirudi lini. Amekwisha kupata kijana mwingine wa kupaka, kwa pistole ya mkono. Nimempita jana barabarani. Ana bluu puani. Nilitaka kusimama nimwambie afunge kitambaa kilicholowa. Aliponiona alivuka njia.

Jumamosi, 6 Desemba

Nimekwenda kwa patron. Nimemwambia nitajenga mashine upya kwa sharti moja: aseme mbele ya baba mdogo kwamba aliwasha mimi sipo, na nilikuwa nimekataza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema mambo ya wafu yaachwe na wafu, na kwamba mimi bado ni fundi mzuri, watu watasahau.

Nikamwambia basi awape vijana wake hewa, afungue ukuta wa nyuma. Hilo alisema ataliwaza.

Nilimwacha. Nilitaka kumpiga. Sikumpiga.

Jumanne, 9 Desemba

Kazi hakuna. Mwanamke mmoja wa kambini, mgeni, hajasikia habari, ameleta redio. Nimeifungua, nimeisafisha, imeimba. Alirudi na jirani yake kuichukua. Jirani alibaki nje ya lango na kumwita kwa Lingala, haraka haraka. Mgeni akachukua redio yake kwa vidole viwili.

Baba mdogo amerudi Kabongo. Hakuniaga. Ameacha neno kwamba nisikanyage kule.

Mama yangu amezikwa kule.

Jumapili, 14 Desemba

Mvua ndogo. Nilikwenda misa ya kwanza, nikakaa benchi la nyuma. Watu waliokuwepo walisogea, kisha wakahama mmoja mmoja, bila kelele, kama watu waliokumbuka jambo. Benchi likabaki langu. Nimezoea.

Régine aliingia padri akiwa amekwisha kuanza. Alikuwa na mtoto mgongoni. Mbele kulikuwa na nafasi, shangazi zake walimpungia mkono. Akasimama kidogo katikati, wote wakimtazama. Kisha akarudi nyuma, akaketi karibu nami. Bega kwa bega.

Akanong'ona, "Banza alisema weye haina na kosa. Minyi nasikiaka Banza."

Nikasema aksanti. Hajui. Sitamwambia. Nilifikiri nitaona aibu akikaa karibu, lakini nilichoona ni kwamba bega lake lina joto, na kwamba amekonda.

Alifungua kitabu cha nyimbo, akakishika katikati yetu. Niliimba. Sauti yangu haikutoka vizuri. Yake ilitoka.