Alama za Chaki Nyuma ya Mlango

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu, nyingi kuliko vifungo vilivyopotea chini ya cherehani yangu. Natumai u mzima, wewe na magoti yako. Mimi sijambo, ila macho. Siku hizi sindano naitunga kwa kubahatisha na matusi kidogo.

Barua yako nimeipata. Unasema Jumamosi unakuja kumchukua binti yako hapa kwangu anakojifunza kushona, akafyatue matofali kwa baba yake mdogo mpaka uvivu umtoke. Wewe mama yake, keti kwanza. Soma mpaka mwisho ndipo ufunge mzigo.

Juzi nilimpeleka hospitali, na sikufichi, nilitamani daktari amuumbue. Damu ikapimwa, safi. Picha zikapigwa, safi. Nikachekea tumboni. Nikamwambia daktari, mama mmoja wa miwani, kwamba dawa ya huyu ni fimbo. Akanitazama kama shati lililoshonewa mkono kifuani. Akasema vipimo ni vya kuondoa magonjwa mengine. Ugonjwa huu wenyewe hauonekani humo. Unaitwa fibromialjia, jina ambalo kulitamka tu kunachosha viungo. Kengele ya maumivu mwilini imekazwa mno, mguso mdogo unailiza. Mtu analala usiku kucha, anaamka kachoka, anasahau hata alipoweka mkasi. Si uvivu, wala hajifanyi.

Kisha akamuuliza maumivu yanazidi siku zipi. Binti hakukumbuka, akaanza kulia.

Nilikuwa nazijua mimi, siku kwa siku. Miezi minne nimechora kwa chaki nyuma ya mlango wa chumba cha kushonea: mstari akishona, msalaba akilala. Nilikuwa nakusanya ushahidi. Hata siku hiyo nilikuwa nimenakili zote kwenye karatasi ya kukatia kola, nimuaibishe nazo. Nikaitoa mfukoni, nikamkabidhi. Daktari akapitisha kidole: kila tulipokimbiza sare za shule siku tatu bila kupumzika, misalaba ikafuata. Akasema hapo ndipo pa kuanzia. Ashone nusu saa, anyooke, atembee mpaka kona na kurudi, aongeze kidogo kidogo. Alale na kuamka saa zile zile. Dawa atapewa, itapunguza maumivu, haitayafuta.

Njiani binti akaniambia, "Kumbe, mjomba, ulikuwa unanihesabu." Nikamjibu ndiyo, na hesabu nimekosa.

Sasa la mwisho, linaniwasha kuliko sufu. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ndiyo kazi yangu. Yule jirani mwema aliyekuandikia kwamba binti yako anajifanya mgonjwa, anakula na kulala tu, hayupo. Ni mimi, niliandika kwa mkono wa kushoto usiujue mwandiko. Nilitaka mtu wa kukimbiza sare, nikaona haya kumfukuza mwenyewe, nikakutuma wewe bila mwenyewe kujua. Ukimpeleka kwenye matofali, nitakuwa nimemwangusha mimi.

Jumamosi njoo, lakini uje kunigombeza mimi. Ile fimbo niliyomwandikia, ilete.

Yeye nimeshamweleza yote, leo asubuhi. Akasikiliza, akarudi kwenye cherehani. Nusu saa ilipokwisha akainuka, akaenda mpaka kona, akarudi, akachora mwenyewe mstari mmoja mfupi mlangoni.

Anakuamkia, shikamoo mama. Mimi shikamoo yangu ya leo sijaipata.

Ni kaka yako, kwa mkono wa kulia,
Fundi Mkasi