Nimemfuta mgonjwa

Shoga, sikia yaliyonikuta leo.

Ile fomu ya kompyuta niliyoitengenezea hospitali ina vitufe viwili, "Futa miadi" na "Hifadhi". Cha kufuta nikakiweka cha kwanza. Cha kwanza!

Leo asubuhi dada wa mapokezi kaandika namba mpya ya simu ya mzee mmoja, kisha kabonyeza Enta. Kwenye fomu, Enta ni sawa na kubonyeza kitufe cha kwanza, yaani cha kufuta. Mzee akatoweka kwenye orodha ya upasuaji.

Hajala tangu jana, anaambiwa, "Jina lako halipo, baba." Akaondoka zake!

Daktari akanipigia: "Umemfuta mgonjwa wangu." Umemfuta mgonjwa wangu, shoga! Na ile namba mpya haikuhifadhiwa, tutampata wapi?

Nami nilikuwa hapo hapo hospitalini, nikatoka mbio mpaka kituo cha basi cha getini. Nikamkuta na binti yake, mguu mmoja ushapanda basi. Nikamwambia, "Baba, kosa ni langu mimi niliyetengeneza fomu. Naomba urudi." Akauteremsha mguu. "Basi nishike mkono, mwanangu, njaa imenilegeza."

Vitufe nimeshavitenganisha, na cha kufuta sasa kinauliza kwanza.

Daktari katoka sasa hivi. Upasuaji umekwisha salama. Nimelia kumshinda binti wa mzee.