Diski ya Kaka Amosi

Kibondo

Mama yangu mpendwa,

Mwakeye, Mama. Pokea salamu zangu za heshima. Kama Mungu alivyonilinda mimi huku, naamini amewalinda na ninyi nyumbani Kitanga. Mguu wako je, bado unakusumbua ukipanda kwenda shambani? Na maharage, mvua imeyaachia kitu? Mimi mwili mzima. Moyo ndio mzito, kama ulivyo wenu tangu tumzike kaka Amosi.

Barua hii anakuletea shemeji Neema, mjane wetu, aliyekuja kuwasalimu wazazi wake huku. Anakuletea na diski. Najua ile ya kwanza, mliyotengenezewa mjini Kasulu, iliwaumiza. Ulinipigia simu ukasema umewaita majirani, mmekaa, deki ikakataa kuisoma. Ukasema, "Basi mwanangu, hata kwenye picha amekataa kuja." Maneno hayo yalinilemea. Ndiyo maana niliomba ile video ya ubatizo wa mtoto wao Upendo niitengeneze mwenyewe hapa studio.

Mama, hakukataa. Video ya simu waliinakili tu kwenye diski, na deki kuukuu kama yetu haiielewi mpaka igeuzwe. Ndiyo kazi ninayowafanyia watu kila siku, harusi zao na mikutano yao ya injili. Programu ya kompyuta inakuuliza: televisheni ya mfumo gani, picha iwe safi kiasi gani, diski ichomwe, yaani iandikwe, kwa kasi gani. Ukitaka shughuli ndefu iingie yote kwenye diski moja, inabidi uibane, na ukiibana sana sura za watu zinavunjika.

Nilijaribu kuibana yote. Amosi aliposimama kutoa shukrani, kila akigeuka uso wake unakuwa vipandevipande. Nikazima. Bwana Shabani, mwenye studio, akanikuta nimeinamia meza. Akasema, "Punguza urefu, Yeremia. Sura usiiguse."

Nikaanza kukata. Nilipunguza nyimbo za kwaya, nikaondoa hotuba za wageni. Nikafika pale Amosi anapokohoa katikati ya maneno yake, anashika kiti, watu wote wananyamaza. Unapakumbuka. Nikataka napo nipaondoe. Neema alikuwa ameketi nyuma yangu, Upendo yuko mgongoni.

"Hapo usiguse," akasema.

"Shemeji, Mama atalia."

"Na alie. Mimi nilimuuguza akikohoa hivyohivyo. Ukikata, huyu mtoto utamwonyesha mtu ambaye si baba yake."

"Nafasi haitoshi."

Akakaza mbeleko. "Basi ondoa pale ninapocheza mimi."

Unajua alivyocheza siku ile, Mama, na kitenge chake kipya, Amosi akimpigia makofi. Nilimwuliza kama ana hakika. Akaitikia kwa kichwa tu. Nikaondoa.

Nilichagua picha safi, nikaichoma polepole, maana deki za zamani hazipendi diski iliyochomwa haraka. Kisha tukaenda kuijaribu kwa mama ntilie jirani, mwenye deki kama yetu. Ikasoma. Upendo akanyoosha kidole, akauliza, "Nani?" Neema akamwambia, "Baba." Akaniachia mtoto, akatoka nje. Alikaa huko kitambo.

Nisalimie baba mdogo anayetutunzia ng'ombe, na shangazi wa Buhigwe akija kuwaona. Mwalimu wa kwaya mwambie aniwie radhi kwa nyimbo zake. Neema naye mpokee vizuri, Mama; amechoka kuliko anavyosema.

Neno la mwisho. Diski nyingi huanza zenyewe mara deki inapozimeza. Hii nimeipanga vingine. Itatokea picha ya nyumba yetu, itulie hapo, kimya. Hata ukikaa mpaka jioni haitasogea. Siku utakayokuwa tayari, bonyeza kitufe wewe mwenyewe, naye kaka atainuka aanze kusema.

Mimi mwanao ninayekuombea,
Yeremia